Choo Kimoja kwa Kila Nyumba

Kimwani, Jumanne

Sasa kesho nimpeleke mahakamani kweli? Amri ya Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ni hiyo: Serikali imewachimbia wakimbizi wa Ruanda choo kwa kila nyumba, kwa hiyo atakayejisaidia vichakani karibu na kisima ashtakiwe.

Leo nimemkuta mmoja wao, Veneranda, huko, na mimba yake kubwa.

“Bwana Afya, choo kile anaingia baba mkwe. Mimi nitaingiaje?”

Nilimweleza Bwana Shauri. Akanijibu kwamba kuhara damu hakumjui mkwe, na fedha za choo cha pili hazipo.

Anasema kweli. Veneranda naye anasema kweli. Nikinyamaza, kazi sina.

Kwetu Izigo, kabla sijaoa, baba mwenyewe ndiye aliyenipa jembe nikachimbe cha pili, cha mke nitakayemleta.