Maswali ya Mwenzako Kuhusu Bibi

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu Mdadisi,

Pokea salamu, na kabla hujauliza, mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini hayo hayajawahi kuridhika tangu nilipofahamiana nayo. Wewe je? Unakula? Unalala? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Usinijibu "salama tu" kama unavyomjibu shangazi yako.

Jua kwamba babu yako, aliyeikimbia shule kwa sababu ya hesabu za kugawanya, sasa anafundisha chuo kikuu. Wanafunzi wa udaktari wanapanga foleni hapa mlangoni, nawasahihisha mmoja mmoja.

Haya, uongo. Alikuja mmoja tu, yule dada mrefu wa miwani unayesoma naye, na hakuja kusahihishwa. Alikuja kuuliza bibi yako alikufaje.

Kwanza alinieleza mambo yenu ya afya ya jamii, kwamba kila mmoja ana chake anachokifukua miaka na miaka. Kuna anayetafuta kwa nini wanaume wanaikwepa kliniki. Angeniuliza mimi, angemaliza wiki hii. Kuna wa vyoo vya shule. Vyoo, mjukuu wangu! Mtu atakuwa daktari wa vyoo na mama yake atatamba mtaa mzima. Yeye mwenyewe anatafuta wazee wanaofia nyumbani wanakufa kwa ugonjwa gani, maana hakuna daktari aliyewaona. Kwa hiyo anaketi na waliowauguza, anauliza.

Maswali anapewa na tableti yake, kompyuta bapa, pana kama sinia, na haruhusiwi kuruka hata moja. Basi akauliza, macho chini: "Marehemu alikuwa mjamzito?"

"Alikuwa," nikasema. "Na mimba ni yangu, usihangaike kutafuta."

Masikini, kwa uchovu akabonyeza "ndiyo". Mashine ikachangamka: ya miezi mingapi? Alihudhuria kliniki?

"Baba! Huna hata haya?" shangazi yako akafoka. "Mama hata mwaka hajamaliza kaburini!"

"Angekuwepo angecheka kuliko wewe."

Na kweli angecheka. Lakini mashine iligoma kurudi nyuma, ikabidi tuanze upya, tangu jina la marehemu. Mara ya kwanza nilikuwa nimelitaja vizuri tu. Mara ya pili lilinikwama. Mwenzako hakunihimiza. Aliilaza mashine kifudifudi mezani, akangoja. Hapo nikamheshimu.

Tukaendelea taratibu. Nilisema mambo ambayo sijawahi kumwambia hata shangazi yako: kwamba mdomo ulikuwa umepinda, kwamba mkono wake wa kulia nilipouinua ulianguka wenyewe, kwamba nilimwita akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulionana wapi. Mwenzako alisema inaelekea ni kiharusi, ila madaktari watasoma majibu ndipo waamue. Sikubisha.

Kisha akauliza: kabla ya hapo, alilalamika kuumwa kichwa? Maneno yalikuwa mazito mdomoni? Nikasema sijui. Nilikuwa nje nashona wavu wa banda la kuku. Bibi yako alikuwa ndani, anaongea na simu. Anaongea na wewe.

Akabonyeza "hajui".

Alipokuwa anafunga begi ndipo likamponyoka: umeomba kubadilisha utafiti wako. Unaacha presha za wazee, kazi uliyoihubiri humu ndani mpaka kuku wakaikariri, unataka kwenda kupima maji ya mabomba. Hakujua kwa nini. Mimi nadhani najua. Labda bibi yako alikuambia kichwa kinauma, ukamwambia apumzike, kama ambavyo mtu yeyote angemwambia. Au hakukuambia kitu, nawe unajiuliza ulikosaje kusikia. Sina kinyongo nawe kwa lolote kati ya hayo. Mstari huo urudie, halafu ndio uendelee kusoma.

Maji ni kazi njema. Ukiyapenda, nenda. Lakini usiende kwa kumkimbia bibi yako.

Shangazi yako anakusalimu sana, na hajui haya ninayokuandikia. Fundi cherehani wa jirani naye anakusalimu, anauliza utarudi lini. Mungu akutunze huko uliko, akurudishie usingizi.

Sasa, nakudai. Mmenikamua maswali yenu yote, shukrani yake kipande cha sabuni, nacho shangazi yako ameshakitia mfukoni. Langu ni moja tu. Nipigie Jumapili ijayo mchana, shangazi yako akiwa hayupo. Sitaki utaalamu wala kuombwa radhi. Nataka uniambie mlichoongea siku ile, polepole, kuanzia alivyosema haloo.

Wako akupendaye na kukusumbua,
Babu