Ng'ombe wa Kuazima

Morogoro, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka, Baba, na shikamoo. Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza, kabla hujamsomea Mayu, mama yangu. Pamba imetoka vipi? Je, josho bado kavu tangu serikali iache kuleta dawa? Mimi ni mzima kiasi, nitakueleza.

Unawakumbuka wataalamu waliokuja kutoa ng'ombe damu. Walitaka kujua ugonjwa wa kutupa mimba umeenea kiasi gani huko kwetu. Ng'ombe wote wa Usukuma hawapimiki, kwa hiyo walipiga kura, wakachagua mazizi machache yasimame badala ya yote. Kura ikaangukia zizi letu pia. Damu ililetwa huku maabara, na mpimaji ni mimi: tone la maji ya damu, tone la dawa nyekundu juu ya kigae, unakitikisa. Likikatika mabonge kama maziwa yaliyochacha, ng'ombe anaumwa.

Chupa zenye jina lako nilizipima mara mbili. Zote nane safi! Nilicheka peke yangu mpaka mkuu wangu akauliza kama nimeposwa. Tukaandika kwamba huko kwetu Mwandoya ugonjwa ni wa nadra, chanjo ianzie kwingine.

Ndipo barua yako ikafika. Uliandika, "Niliazima ng'ombe wanane wa rafiki yangu Masanja, wetu nikawaficha porini. Ningewaonyeshaje wageni ng'ombe waliokonda, tena wanaotupa mimba? Wangeniona mtu gani?" Na chini kabisa, kama jambo dogo, ukasema homa ya Mayu imerudi, viungo vinamuuma, jasho linamtoka, na vidonge vya malaria havimsaidii.

Baba, nakuheshimu, na nimekasirika. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu pale mlangoni mwa zizi, ukinichapa nikiruka ndama mmoja.

Nilimweleza mkuu. Akalifuta zizi letu daftarini, halafu akauliza, "Na wazee wengine je? Wangapi waliazima?" Sasa daftari zima tunalitilia shaka.

Kuna jingine. Tangu nirudi kutoka likizo huko nyumbani napata homa kila jioni. Nilidhani malaria. Baada ya kusoma habari za Mayu nikakumbuka siku ile ng'ombe wetu Mabala alipotupa ndama. Mimi na Mayu tulimvuta kwa mikono mitupu, na asubuhi yake tukanywa maziwa ya Mabala kutoka kibuyu kimoja. Ugonjwa huo huwapata watu pia, kwa hiyo nikamwomba mwenzangu anitoe damu mkononi, nikaipima mwenyewe. Ilikatika mabonge. Niliogopa, Baba. Nililia chooni kama mtoto.

Daktari amenipa dawa za wiki sita, na anasema nitapona. Mpeleke Mayu hospitali ya wilaya mara tu ukimaliza kusoma, umpe daktari karatasi niliyoikunja humu ndani. Maziwa yachemshwe, hata kama mtalalamika kwamba yameharibika ladha. Mabala akizaa, asiguswe kwa mikono mitupu.

Nisalimie kaka anayetuchungia ng'ombe, na shangazi anayesali na Mayu jumuiyani. Msalimie pia rafiki yako mwenye ng'ombe wazuri.

Na wataalamu wakirudi, usihangaike kwenda kuazima. Jibu la zizi letu wanalo tayari. Limetoka kwenye mkono wangu.

Ni mimi binti yako,
Kabula