Kiti cha Mbele kwenye Mtumbwi wa Mvushaji

Jumamosi, 3 Mei

Mdogo wangu kamleta mkewe mezani. Bila kuuliza! Eti dada, anataka kujaribu tu. Miaka yote hii tunacheza Mito Saba, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa vitabu vya jina hilo, sisi wanne sebuleni kwangu: mimi msimulizi, mdogo wangu, Fundi Friji, na Mkunga, shoga yangu wa kufa na kuzikana. Leo wifi anaingia na viatu vya kisigino kama anaenda harusini.

Hajasoma hata kitabu kimoja. Vitabu ambavyo dunia nzima imesoma! Filamu yenyewe alisinzia katikati. Haya, nikamwambia sheria zangu mbili. Ya kwanza: mhusika wako hajui unachokijua wewe. Hata kama umesoma kitabuni kwamba nyuma ya mlango kuna joka, yeye hajui, kwa hiyo afungue. Ya pili: mchezo ukianza hakuna majina ya nyumbani. Mimi ni Msimulizi, Mkunga ni Mshika Taa. Anayekosea anaosha vyombo.

Wenzake wote mashujaa, yeye kachagua kuwa Muuza Chumvi. Muuza chumvi! Na kabla hatujafika mto wa kwanza kaniita "wifi". Vyombo! Nilifurahi, sifichi. Kumbe Mkunga naye akainuka kwenda kumsaidia. Wanacheka huko jikoni, maji yanamwagika. Nilipokosea mimi juzijuzi, nani aliinuka?

Jumapili, 4 Mei

Mkunga hakupiga simu. Kila Jumapili hupiga tuchambue mchezo wa jana. Labda yuko zamu.

Jumatano, 7 Mei

Hakuwa zamu.

Kapita dukani mchana nimkazie skrubu ya miwani. Nikamuuliza, ulipotelea wapi Jumapili? Walikwenda kuchagua mapazia, yeye na wifi. "Jamani, wifi yako ana vituko huyo!" Nikamwambia wangu kwa ndoa tu, sikumchagua mimi. Akacheka akidhani natania.

Alipoondoka nikasaga lenzi ya mteja hadi ikawa ndogo, inachezacheza kwenye fremu. Bosi kaniuliza leo macho yangu nimeyaacha wapi. Kwenye mapazia, bosi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeumia roho leo.

Walifika kwa Mlinzi wa Lango. Kila msomaji anajua yule hahongeki wala hapigiki, unamnyatia akisinzia, basi. Wifi akauliza, "Kwani huyu baba amekula nini leo?" Kitabuni hakuna aliyewahi kumuuliza! Nikajibu, mkate mkavu. Akasema, "Muuza Chumvi anamfungulia kifuko chake, achovye." Halafu akamsubiri ale. Nitafanyaje? Mlinzi akalia. Ndiyo, nilimliza mimi mwenyewe kwa sauti yangu, maana ndivyo ingekuwa. Lango likafunguka.

Makofi! Fundi Friji, asiyesifia hata friji mpya, kasema hapo wifi kamzidi mwandishi. Na Mkunga kahamisha kiti. Siku zote hukaa kuliani kwangu, leo kaenda kukaa ubavuni mwa wifi. Eti huku kwangu feni inampiga. Feni hiyohiyo, ukuta huohuo, miaka yote haikumpiga!

Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mimi ndiye mla jana. Nina wivu. Nimeshaandika, liwalo na liwe.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata! Nimepata nikiwa nafuta vioo kazini.

Mvushaji wa Mto wa Tano. Mzee mpole, maneno ya asali, anachagua abiria mmoja akae mbele mtumbwini "aone mandhari". Anayekaa mbele hafiki ng'ambo. Aliyesoma kitabu cha tatu hawezi kumsahau. Lakini wifi hajasoma. Na wenzake watakaojua hawaruhusiwi kumwonya — sheria ya kwanza! Mvushaji atamchagua Muuza Chumvi. Muuza Chumvi atazama. Wifi ataona mchezo si wake, atarudi kwenye mapazia yake, na kiti kitarudi kuliani kwangu.

Hakuna atakayenilaumu. Yote yamo kitabuni.

Alhamisi, 15 Mei

Mdogo wangu kapita jioni. Kasema tangu wahamie huku mkewe hana mtu wa kuzungumza naye, wiki nzima anasubiri Jumamosi. "Asante dada, umempokea." Nikainama kutafuta bisibisi. Ilikuwa mkononi.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimesimama, jikoni. Wao wako sebuleni wananingoja.

Ilikwenda kama nilivyopanga. Mvushaji akawapokea, nikampa sauti yangu laini kuliko zote. Nikamgeukia wifi: "Binti wa chumvi, njoo ukae mbele." Mdogo wangu akaangalia dari. Fundi Friji akakohoa. Wanajua! Lakini sheria ni sheria, wakanyamaza. Wifi akafungua mdomo kujibu.

Mkunga akamtangulia. "Mshika Taa anapita mbele. Taa hukaa mbele, Msimulizi, si nyuma." Akasema hivyo akinitazama mimi, si ubao wa mchezo. Hakuvunja sheria yoyote! Tangu kitabu cha kwanza Mshika Taa hutangulia, mimi mwenyewe ndiye niliyempa taa hiyo siku tuliyoanza.

Nikarusha dadu ya kifo, ile inayoamua kama mhusika anazama au anapona. Mezani kwetu hufunikwa kwa kikombe, na mwenye roho yake husema neno la mwisho kabla hakijafunuliwa. Mkunga akasema, "Sina neno. Msimulizi analo." Nikasema ngoja nichemshe chai. Nikakimbia, hilo ndilo jina lake.

Wifi kaja nyuma yangu. Nikadhani anataka sukari. Akasimama pale kwenye sinki akasema polepole kwamba vitabu amevisoma. Mkunga alimwazima, akamaliza cha tatu usiku wa Jumanne.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo Mvushaji ulimjua?"

"Nilimjua alipoanza tu kuongea kwa upole."

"Na ulitaka kusemaje pale?"

"Nikae mbele, dada. Muuza Chumvi hajui ninachokijua mimi. Si ndiyo sheria yako?"

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli! Akachukua sukari kweli, akarudi sebuleni.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimekaa wiki nzima nautunga mtego wa mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa tayari kuingia kwa macho mawili ili asinivunjie sheria. Mimi je, Mvushaji alijua nini kuhusu mapazia? Alijua nini kuhusu kiti? Nilimwambia kila kitu; sheria ya kwanza niliivunja mimi.

Maji yamechemka mpaka yanakauka. Nimezima jiko. Huko ndani hakuna aliyegusa kikombe cha dadu.

Mkunga ameniita. Kwa jina langu. Jina la nyumbani, alilonipa mama, katikati ya mchezo, tena kwa sauti, wote wamesikia. Maana yake vyombo ni vyake leo, na anakuja jikoni, nasikia kiti kinasogezwa