Kitenge cha Mama Mdogo Charlotte

Mansfield, 1 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Houston inakutendeaje? Na lile goti, limekusamehe baada ya kucheza vile Jumamosi? Watu bado wananitumia video zako. Mimi ni mzima, Mama, nimezidi uzima. Leo ni siku ya tano ya ndoa na bado nikiamka namtazama Heritier kwanza kabla sijaamini.

Ulinipa sharti nikuandikie kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu unalia, na mimi nalia, tunakata bila kusema kitu. Haya, karatasi hii hapa. Cha kwanza: bwana yangu anapiga pasi! Jana alinipigia sare ya kazi mpaka kola. Leo alinifungia sombe ya majani ya muhogo na wali, akaandika juu ya mfuniko, "Bibi ya Heritier, wengine msiguse." Wazee ninaowatunza pale kazini walicheka sana, na bibi mmoja wa miaka tisini na mbili akaniuliza kama Heritier ana kaka.

Cha pili ni safari ya fungate. Kamati ya harusi ilitegemea tununue kochi kwa pesa za michango, najua, na Mama Precious wa kamati amenuna. Heritier akasema makochi yapo dukani kila siku. Tiketi za Norwe tunazo! Meli itaingia kwenye fiordi, yaani bahari inapojipenyeza kati ya milima mpaka unaona maporomoko ya maji pande zote mbili, na itasimama miji minne. Matembezi ya meli yenyewe hatuyataki. Wanakupakia kwenye basi na watu hamsini, mbele kuna mtu ameshika kibendera. Sisi tutatembea peke yetu, wawili, tumeshikana mikono.

Heritier amechora ratiba kwenye karatasi ya kufungia mizigo aliyotoka nayo kazini, imejaa mlango wote wa friji. Bergen tutapanda mlimani kwa kile kitreni kinachovutwa na kamba. Kituo chake unakifikia kwa miguu kutoka bandarini. Geiranger kuna ngazi kando ya maporomoko. Flåm tutapanda treni inayokwenda juu milimani. Kila mji ameandika saa ya kushuka na saa ya kurudi, na kila saa ya kurudi ameipunguza saa nzima. Ukitembea na watu wa meli mkachelewa, meli inawangoja. Ukitembea peke yako, inakuacha.

Mji mmoja tumeuacha wazi. Unaitwa Ålesund. Kutoka hapo, kwa basi linalovuka maji kwa kivuko, unafika Volda, na Volda ndiko anakoishi Mama mdogo Charlotte.

Mama, usiikunje barua. Siku ya posa, familia ya Heritier ilipouliza majina ya mama wadogo ambao wewe dada yao utawafunga vitenge, mimi ndiye niliyemtaja. Vilipomalizika kufungwa kikabaki kimoja mezani, kile cha buluu chenye ndege wa njano. Nilikuona ukikichukua na kukisukuma chini ya kitambaa cha meza. Naomba unitumie. Nataka nimpelekee.

Binti yako mwenye furaha kuliko wote Texas,
Fanny

*

Houston, 9 Mei 2025

Fanny mwanangu,

Goti linauma lakini halijuti. Nimefurahi mkwe anapiga pasi. Usimsifu sana mbele ya wanawake wengine.

Nimetazama hiyo Norwe kwenye televisheni. Ni baridi hata mwezi wa sita. Beba soksi za sufu, na koti la mvua la kweli, siyo lile lako la mapambo. Chakula cha meli kuleni asubuhi mshibe, maana huko mijini hata ndizi moja ni ghali, watu wanaifikiria kwanza. Na mrudi melini mapema. Mwambie Heritier aipunguze ile saa yake kwa saa nyingine.

Ushindi na Bisimwa wanakusalimu. Kaka zako wamekula keki yote ya harusi niliyoiweka kwenye friza.

Ukurasa wako wa mwisho sikuuona. Labda uliteleza njiani.

Mama yako

*

Mansfield, 14 Mei 2025

Mama mpenzi,

Salamu nyingi, na pole ya keki. Soksi tumenunua, jozi nane, na Heritier zake anazivaa humu ndani kwa mazoezi. Nampenda jamani!

Ukurasa wa mwisho ulikuwa kwenye bahasha ileile, Mama, nyuma ya ukurasa ulioujibu.

Namba ya Mama mdogo nimeipata kwa Mama Precious, ambaye kununa kwake kuliisha nilipompelekea maandazi. Nilimwandikia hivi: mimi ni Fanny, yule uliyekuwa unanisuka mistari minne kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa mpaka ya tano. Nimeolewa. Tarehe tisa Juni meli yetu itakuwa Ålesund toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu. Tunaweza kuja Volda?

Alikaa siku tatu. Kisha akajibu: "Njooni. Nitakuwa nyumbani."

Hakuniuliza habari yako. Nami sikujua nimwambie nini, kwa sababu sijui kilichotokea. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka tu tukipanda lile basi la kutoka kambini, yeye amesimama na ndoo, hakupunga mkono. Sasa mimi ni mke wa mtu. Niambie.

Binti yako,
Fanny

*

Houston, 26 Mei 2025

Fanny,

Umepata barua hii ndani ya kifurushi, kwa hiyo umeshaona kilichomo. Nimechelewa. Nilikifunga mara tatu, nikakifungua mara tatu.

Siku ya mahojiano ya kuhamia Amerika, kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Charlotte alikuwa ameenda kupanga foleni ya maji ili mimi niwahi ofisini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kambini lilipita neno kwamba ukiwa na mtu mzima asiye mtoto wako kwenye karatasi, faili lenu linarudishwa mwanzo. Baba yenu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na wewe ulikuwa unakohoa damu. Yule afisa akauliza, "Mko wangapi?" Nikasema wanne. Mimi na ninyi watatu.

Baadaye nilisikia halikuwa kweli. Angeweza kuandikwa bila shida yoyote. Nilimwambia siku moja kabla ya basi. Akauliza tu, "Ulisema wanne?" Hakusema neno tena, na hajasema mpaka leo. Alibaki miaka minne peke yake ndipo Norwe ikamchukua.

Mimi niliyemlea toka mama yetu afe nilimtoa kwa neno moja. Kitenge ni chake. Mpe. Akikataa usimlazimishe, na usinifiche.

Mama yako

*

Melini, Geiranger, 10 Juni 2025

Mama yangu,

Pokea salamu kutoka mahali ambapo maji yanaanguka kutoka mawinguni, sisemi uongo. Heritier amelala kwenye kiti hapa kibarazani na soksi zake za sufu. Ngazi za maporomoko tulizipanda asubuhi, na kila tulipopumzika alinibusu, ndiyo maana tulichelewa kufika juu.

Nianzie Bergen. Juzi ilikuwa Jumapili ya Pentekoste, tukapanda na kile kitreni mpaka mlimani, tukasali wawili tukiutazama mji wote chini na meli yetu kama kijiti. Nilijivunia ratiba yetu, Mama. Dakika kwa dakika!

Jana tukashuka Ålesund saa mbili na robo, mimi na kitenge begini. Mji mzuri sana, nyumba zimejipanga juu ya maji kama zinajitazama uso. Tukaenda kituo cha basi. Hakuna mtu. Tukangoja. Heritier akaangalia karatasi, akaangalia saa, akaangalia karatasi. Akapita mzee mmoja na mbwa wake, nikamuuliza. Akatuambia kwa upole, "Leo ni Jumatatu ya Pentekoste. Ni sikukuu. Mabasi ni machache."

Mama, sisi watu wa kanisa! Tulikesha na Pentekoste yetu Jumapili, tukaifunga siku hiyohiyo, kumbe wenzetu wanaendelea nayo mpaka Jumatatu. Kule Texas Jumatatu yake ni siku ya kazi tu, nani angefikiria kuuliza? Basi lililofuata lingetufikisha Volda, lakini la kurudi lingetuleta Ålesund meli imeshaondoka saa nzima.

Nikasema, "Twende. Iondoke."

Heritier akasema, "Fanny, pasipoti zetu na nguo zetu zote zimo melini."

"Basi baki na nguo zako!"

Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa, nakuandikia ili uuhifadhi. Ulidumu dakika kumi na mbili. Nililia, naye akanishikia begi, na hapo nikajua nimeolewa na mtu mwema. Nikamwandikia Mama mdogo: "Mabasi hakuna. Tumeshindwa. Tunapanda ngazi za mlima ulio juu ya mji, tutakaa huko mpaka saa tisa. Nina kitenge chako cha posa."

Hakujibu.

Zile ngazi ni mia nne na kumi na nane. Juu kuna mahali pa kukaa. Tulikaa saa tatu na nusu. Watu walikuja, wakapiga picha, wakashuka. Ilipofika saa nane na nusu nikaona mwanamke mwenye koti jekundu la mvua anapanda, mkono kiunoni, anapumua kama aliyebeba gunia. Akasimama ngazi tatu chini yangu, akanitazama kichwani.

"Na sasa unasukwa mistari mingapi?"

Nilishuka zile ngazi tatu bila kuzigusa.

Amefanana na wewe mpaka nikaogopa. Amekonda, na kicheko ni chako. Akamkagua Heritier akauliza, "Huyu ndiye mkwe? Mbona amepauka hivi, humlishi?" Heritier akasema, "Ni ngazi, Mama mdogo." Akamwambia, "Mimi ninafagia ngazi za shule ya ghorofa tatu kila siku, sijapauka."

Jirani yake alikuwa amemleta kwa gari. Kisha akasema jambo hili, nakuandikia kama alivyolisema: "Fanny, sikukuu ninaijua. Ninaishi hapa miaka mingi. Nilipoiona ile tarehe nilijua hamtapata basi la kurudi. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, mabasi yakikosekana, si mimi niliyekataa. Nimekaa na simu mkononi asubuhi nzima. Nikaona nimenyamaza kama mtu aliyeulizwa idadi akasema wanne."

Nikampa kitenge. Alikikunjua nusu, akawagusa ndege, akakinusa. "Dada Anastasie bado anaweka sabuni ya mche sandukuni," akasema. Akakaa nacho mapajani muda mrefu, upepo unakivuta. Kisha akakikunja vizuri kuliko ulivyokikunja wewe, akakirudisha begini mwangu.

"Hiki hufungwa na mkono wa dada," akasema. "Wewe ni mtoto, huwezi kunifunga. Anajua nilipo. Aje aniambie mwenyewe tulikuwa wangapi."

Nikamwambia utakuja. Hukunituma niseme hivyo, najua. Alitusindikiza mpaka bandarini, tukapanda zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano. Nilisimama juu nikamtafuta. Koti jekundu lilikuwa palepale, na Mama, safari hii alipunga mkono, mikono yote miwili, mpaka mji ukamficha.

Umesema nisikufiche. Sijaficha hata mshono.

Binti yako,
Fanny

*

Mansfield, 5 Julai 2025

Mama,

Hujambo kweli? Ile barua ya Norwe ilifika? Ushindi anasema ulishaipokea, unaisoma ukimaliza chakula, unairudisha kwenye Biblia. Wiki tatu sasa. Sikulaumu. Heritier ananiambia nikuache upumue.

Tumenunua kochi, dogo, la watu wawili tu. Kitenge nimekiweka juu, sijakifua. Nakungoja.

Fanny wako

*

Houston, 2 Agosti 2025

Fanny mwanangu,

Natumaini mko salama na joto hili, wewe na mkwe wangu asiyepauka tena. Kaka zako wazima. Goti nalifanyia mazoezi. Mtaa wetu hauna mlima, kwa hiyo nazipanda na kuzishuka ngazi za maegesho ya pale kazini kwetu, ghorofa nne, watu wananishangaa. Nimefika mia mbili na hamsini bila kusimama.

Sikukujibu kwa sababu si wewe niliyedaiwa jibu. Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nilikaa ndani ya gari nikapiga namba ya Charlotte, niliyoiomba kwa Mama Precious. Alipokea. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sikuyaona. Nikasema, "Charlotte, tulikuwa watano."

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Na huko Houston mnakula nini siku hizi?" Tukaongea chakula saa nzima. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Pasipoti nimeiomba. Sitaki meli, mwambie Heritier. Nataka ndege mpaka hapohapo Ålesund na wiki mbili, mahali ambapo hakuna anayepiga king'ora kwamba muda umekwisha. Lakini ile karatasi ya friji naitaka, na basi, na kivuko, na mahali pa kununua tiketi, aniandikie kwa herufi kubwa. Amwulize Charlotte sikukuu zote za huko, za kanisa na za serikali, azizungushie wino mwekundu.

Kitenge usikifue. Kilete Houston kwa mkono wako, usikitume. Nimemwambia Charlotte aningoje chini ya zile ngazi za mlima. Amekataa, anasema atanishikia nafasi kule juu kwenye ngazi ya mia nne na kumi na tano, zile tatu za mwisho nimalize naye.

Mama yako, dada ya Charlotte,
Anastasie