Vidole Vitupu Siku ya Idd

Kaloleni,
Voi.
30 Mei 2026

Mpendwa dada Khairat,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya yote, niambie hali yako. Miguu imeacha kuvimba? Mara ya mwisho ulisema unasimama kutwa nzima kazini na jioni viatu havikuingii. Tia maji ya chumvi, dada, na usijifanye jabari. Huko Doha nasikia jua la mwezi huu halina huruma, basi kunywa maji hata kama huna kiu.

Huku sote tu wazima, alhamdulillahi. Masika yalipita mbio kama mgeni asiyetaka chai. Kule Sagalla wameshaanza kupanga mitungi, na sisi huku mfereji unatoka siku mbili kwa wiki. Mama yako hajambo. Presha imetulia, anakula vizuri, na ananigombeza kila asubuhi, kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Ndugu yangu Fawaz na mkewe wanakusalimu sana. Tangu aoe amenenepa, na kanzu ya harusi haimwingii tena. Amesema picha utaletewa.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu ninayo mkononi. Zubair, yule jirani yetu mnayefanya naye kazi mji mmoja, anarudi huko Jumanne, nami nimemwomba aibebe pamoja na chupa ya achari. Ukweli ni kwamba kwa simu uongo hunitoka kwa wepesi. Nikisikia sauti yako tu, nasema unalotaka kusikia. Kwa kalamu ninalazimika kuliangalia neno kabla sijalitoa. Nimekudanganya, dada Khairat, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Wajua mama yako, Shangazi wangu, hakuwahi kupiga kura maishani mwake. Marehemu baba yako, Mzee Kombo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini kwa hilo alikuwa na kichwa kigumu. Kila alipoombwa ampeleke mkewe akachukue kitambulisho, alijibu, "Kipande cha nini, na wewe huendi popote?" Basi kila uchaguzi Shangazi alikaa mlangoni akichambua mchele, akitazama wenziwe wakirudi na wino kidoleni. Aliniambia mara moja kwamba wakimpungia mkono alikuwa akijifanya anatafuta mawe kwenye ungo.

Mzee alipofariki, Shangazi alimaliza eda, akafungua sanduku, akaanza kutafuta kipande mwenyewe. Miaka sitini na minane, hana cheti cha kuzaliwa, mashahidi wake wote wako makaburini. Ulimsaidia sana kwa simu zako, nami nikamsindikiza huku na huku. Kilipotoka mwaka jana alikilalia chini ya mto wiki nzima. Ndipo ukaniambia, "Nasiha, kilichobaki nakuachia wewe. Hakikisha mama ameandikwa." Nikasema hilo ni dogo.

Mwezi wa nne makarani wa uchaguzi walipiga kambi hapo skuli ya msingi na mashine zao. Gari lilipita na kipaza sauti: njoo na kitambulisho chako, au pasipoti, dakika chache tu umemaliza. Ilikuwa wiki ya harusi ya Fawaz. Shangazi akaniambia, "Twende kwanza nikaandikwe. Hina baadaye."

Nami, dada, nilikuwa na mambo yangu. Nilikuwa nimebuni ua jipya la piko, ile hina nyeusi, na nilijua hakuna mikono ya kulitangaza kama ya shangazi wa bwana harusi. Kila mwanamke atakayempa mkono atauliza nani amemchora. Nikamwambia, "Hina haizuii kitu, Shangazi. Jumapili harusi, Jumatatu asubuhi mimi na wewe skuli." Yeye ndiye aliyenifundisha kushika koni ya hina nikiwa na miaka tisa, basi akaniamini. Nikamchora mpaka viwiko, na ncha za vidole vyote kumi nikazichovya piko, nyeusi ti.

Harusini alisifiwa, nami nikasifiwa zaidi. Nilipata maharusi watatu wa kuchora siku hiyo hiyo.

Jumatatu tukaenda. Alivaa lile buibui ulilomletea, na kipande akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani. Karani alikuwa msichana wa Mghange anaitwa Tryphena, mpole, hana maringo. Akaandika jina, akampiga picha, akamwambia aweke vidole juu ya kioo cha mashine. Ikakataa. Akavifuta kwa kitambaa. Ikakataa tena.

"Nyanya, hizi vidole mashine inakataa kusoma," Tryphena akasema. "Ni hii piko. Ikitoka mrudi, bado tuko hapa mpaka mwisho wa mwezi."

"Jaribu cha gumba cha kushoto, mwanangu," Shangazi akamsihi. "Hicho hakikukolea."

Kilikuwa kimekolea. Mimi kazi yangu naijua. Nyuma yetu foleni ilianza kucheka, na kijana mmoja akasema, "Hao wamekuja arusi." Shangazi akarudisha kipande kifuani. Aliitazama mikono yake njia nzima, na mimi hakunitazama.

Jioni ile ukapiga simu. Ungeniuliza jambo jingine lolote pengine ningesema kweli. Uliniuliza, "Mama ameandikwa?" nikajibu, "Tayari, dada, kila kitu kimekwenda sawa." Ukapiga vigelegele mpaka wenzako wa chumbani wakaja kuuliza kuna nini. Nilimpa mama yako simu. Alisema, "Nasiha amenipeleka," basi. Hakudanganya, na wala hakunifichua. Alinifunika, dada, na mimi sikustahili kufunikwa.

Baada ya hapo nikataka kurekebisha kwa haraka, nikaharibu zaidi. Nilimsugua vidole kwa ndimu na magadi. Piko haikutoka. Nikachukua jiwe la kusugulia nyayo, kisha dawa ya kufulia nguo nyeupe. Alivumilia, akiuma mdomo, na mimi nikijiambia ni kwa faida yake. Tuliporudi skuli siku mbili kabla hawajafunga, Tryphena aliushika mkono wake akaugeuza. "Nyanya, umefanyia nini mikono yako?" Ngozi ya ncha ilikuwa imechubuka, nyekundu. Mashine ikakataa tena.

Nami nilisimama pale, sikusema ni mimi. Shangazi akajibu kwamba ni kazi za nyumbani.

Tryphena akatuambia tusife moyo. Mashine za skuli zikiondoka, ile ofisi ya uchaguzi ya eneo bunge letu, hapo mjini, anakofanya kazi yeye mwenyewe, huandika watu kila siku ya kazi. Tungoje ngozi ipone, twende. Ni mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda, dada. Dakika kumi. Na mimi nikakaa mwezi mzima. Leo nina bi harusi, kesho nina mwingine, keshokutwa ukuta wa baraza unapakwa rangi. Kila Jumatatu asubuhi nilikikuta kipande chake juu ya meza, kando ya birika la chai. Hakuuliza. Jioni alikiondoa. Ninaamini nilikuwa namwogopa Tryphena kuliko nilivyokuwa na kazi, maana sikutaka kuulizwa tena kuhusu ile mikono.

Halafu ikaja Idd. Unakumbuka desturi yetu: siku moja kabla, wanawake wa mtaa hujaa barazani kwangu, na wa kwanza kutiwa hina ni Shangazi, kwa sababu ndiye mwalimu. Nilimtengea hina yake kwenye kikombe chake cha bati. Hakutoka chumbani. Nilipomwita alisema, "Mwaka huu sitii."

Siku ya Idd alikaa sebuleni amevaa vizuri, amejifukiza udi, na mikono mitupu mapajani. Mitupu kabisa, dada. Wanawake walikuja kumpa mkono, kila mmoja anameremeta mpaka kwenye kucha, na kila mmoja akaduwaa. Mama Mbinya, yule Mkamba wa duka la pembeni ambaye si Mwislamu lakini hina ya Idd haimpiti, alidhani nimekosana na Shangazi. Wazee walidhani vingine. Mara ya mwisho kumwona bila hina siku kubwa ilikuwa ndani ya eda ya baba yako. Mmoja akauliza waziwazi, "Mwanaesha, umefiwa na nani?"

"Sijafiwa," akajibu. "Nina shughuli na vidole."

Wakacheka. Mimi nilikwenda jikoni nikakata vitunguu vya pilau ambavyo havikuhitajika tena, ili nipate kulia bila kuulizwa.

Jana, Ijumaa, nilifunga baraza. Palikuwa na bi harusi amekuja kutoka Mwatate, nikamwomba radhi, akaondoka amenuna. Tukaenda ofisini mimi na mama yako. Wa kwanza kumwona alikuwa Tryphena. Safari hii nilimweleza kila kitu, piko, jiwe, dawa ya nguo, hapo hapo mbele ya watu. Akaniangalia tu, kisha akasema, "Na wewe ndio fundi?" Nikamsogezea Shangazi kiti.

Shangazi akaweka vidole. Mashine ikatulia, ikalia mlio mdogo, ikakubali. Vyote kumi, dada. Wakampa karatasi yenye jina lake na kituo chake, ni pale pale skuli. Alilipitia jina lake herufi kwa herufi. Akauliza siku yenyewe atapewa karatasi ngapi. Tryphena akamhesabia: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa akina mama, na ya mwakilishi wa wadi.

"Sita zote zangu?" akauliza.

"Zote zako, Nyanya. Alama moja kwa kila karatasi, kila moja kwa sanduku yake. Na siku hiyo mashine itasoma vidole tena. Ikikataa, kuna njia ingine ya kutafuta jina lako."

"Sitaki njia nyingine," Shangazi akasema.

Tulipotoka nje nilikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Nikamwambia twende nyumbani nimtie hina, hata Idd imepita si neno. Nikamweleza kwamba mashine inataka ncha tu, naweza kumchora viganja na mikono mpaka viwiko, na ncha nikaziacha kama zilivyo. Hapo nilikuwa nasema kweli tupu.

Akaniangalia. "Uliniambia hina haizuii kitu," akasema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekumbusha bei ya unga. Kisha akaongeza, "Nitie siku nikishapakwa wino." Akapanda bodaboda, akanipisha nafasi nyuma yake.

Uchaguzi ni Agosti ya mwakani. Hapo katikati ziko Idd mbili, na nyumba hii haikosi harusi. Zote atakaa na mikono mitupu, kwa sababu alikuwa ananiamini mimi katika jambo la hina kuliko mtu yeyote Voi nzima, na sasa haniamini. Kuandikwa ameandikwa. Hilo jingine sijui linaandikishwa ofisi gani.

Mimi nami nimeacha kujitia. Leo asubuhi aliniona nikimchora mteja na mikono yangu haina kitu, akaniambia, "Fundi wa hina hana hina, nani atakuja?" Nikamjibu atakayekuja na aje. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai.

Jambo jingine kabla sijasahau. Tryphena anasema nyinyi mlio nje huandikishwa kwenye ubalozi, kwa pasipoti, ila kura yenu ni ya rais peke yake. Ulizia hapo ubalozini siku zao, usingoje dakika ya mwisho kama mimi. Na tafadhali, dadangu, usiende umetoka kwenye harusi ya mtu.

Ninajua umekata tikiti ya Disemba. Ndiyo sababu barua hii haikuweza kungoja. Utaingia mlangoni, utambusu mama yako mikono, na utaikuta haina hata doa. Utataka kuuliza nani amekufa. Usimuulize yeye. Atanifunika tena. Niulize mimi, mbele yake, nami nitakujibu.

Nisamehe, dada Khairat. Kwa uongo wa simu kwanza, kisha kwa vile vigelegele vyako, ambavyo bado navisikia.

Fawaz na mkewe, Mama Mbinya na watu wote wa mtaa wanakusalimu. Mama yako anasema ule achari polepole kwa ajili ya tumbo, na kwamba karatasi yake ameiweka ndani ya msahafu. Hajui mengine niliyoandika humu, au pengine anajua, maana alinitafutia kalamu mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu salama, akukutanishe na mama yako mkiwa wazima.

Akupendaye, na aliyekukosea,

Nasiha