Mwani Uliofuliwa

Makina, Kibera
2 Januari 2008

Kwa mjukuu wangu Nasike,

Mimi niko hai. Wewe na mtoto je? Simu yako haishiki na kadi za simu madukani hakuna, ndiyo maana naandika na darasa langu la tatu. Usicheke.

Magoti yamevimba kama maandazi na mwani wangu umeisha. Bi Zamzam, jirani, huletewa na dada yake kutoka Kwale, lakini tangu fujo za kura mabasi hayaji. Ule mfuko niliokuachia, urudishe. Naloweka kwa maji moto, nafunga magotini, natembea, vile nilifundishwa Likoni babu yako akifanya kazi bandarini. Bila mwani siendi hata chooni mpaka nishikwe mkono, na kushikwa mkono sipendi. Mpe Muema wa mkokoteni, huyo aliyekuletea barua hii. Yeye Mkamba, vijana wa njiani hawamsumbui.

Kukhu wako,
Nasipwondi


Kawangware
5 Januari 2008

Sasa Kukhu?

Tuko poa, mtoto anakohoa tu kidogo. Mwani ndio huo. Ulikuwa na mchanga na unanuka samaki, nikaufua na sabuni nikauanika. Sasa ni safi kabisa.

Kukhu, toka huko. Soko la Toi limeungua, unangoja nini? Kuja tukae na wewe, huku kumetulia.

Mjukuu wako,
Nasike


Makina
7 Januari 2008

Nasike,

“Sasa” ni salamu ya muuza njugu, si yangu. Mtoto mpake mafuta kifuani, umfunike.

Umefua dawa! Umeifua kama soksi! Ile chumvi, ule uteute, hiyo harufu unayozibia pua, ndiyo dawa yenyewe. Umeniletea makaratasi. Bi Zamzam ameinusa akacheka mpaka mtandio ukaanguka: “Mama, hii hata mbuzi atakurudishia.” Nimeaibika.

Na kuhama, nihame na magoti ya nani? Tafuta mwani wa kweli, uache kunipangia maisha.

Kukhu wako


Kawangware
27 Januari 2008

Kukhu,

Natumai unaendelea vizuri. Mtoto amepona. Mwani nimetafuta Kawangware yote, hakuna.

Huku kumeharibika. Vijana wanapita mlango kwa mlango wakiuliza majina wajue kabila, na jina langu linaniuza. Sella wa mlango wa pili ametupiwa vitu nje. Nataka kuja kwako, lakini na mtoto mgongoni naogopa njia. Tafadhali usinijibu na matusi.

Nasike


Makina
31 Januari 2008

Nasike,

Salamu nitakupa tukionana. Jana Muema alirudi na barua niliyokujibu bado mkononi. Anasema mlango wako una kufuli kwa nje, nepi za mtoto bado ziko kwa kamba. Jirani hakuna wa kuuliza.

Sasa nakuja. Barua hii nitaiingiza mwenyewe chini ya mlango. Ukiipata, kaa hapo hapo, usinizungushe. Kama tutapishana njiani, ufunguo uko kwa Bi Zamzam na uji uko kwa thamosi.

Nimefunga ule mwani wako wa sabuni kwa sababu sina mwingine. Usidhani ndio umeniinua. Ni hasira.

Naongezea hapa nikiwa Ngong Road, nimekaa juu ya jiwe. Muema alitaka kunipakia kwa mkokoteni kama gunia la makaa. Nimekataa. Basi amenishika mkono.

Nimemwacha anishike.

Kukhu wako