Protini Zinazochelewa Kugeuka

Mutakura, Jumanne

Kaka Anouar,

Tuko wazima, ila tumebanana. Tangu maji ya mafuriko yatutoe kwetu Gatumba tunalala watu saba chumba kimoja, na Mama hatoki.

Alikuuliza unakuja lini. We ukajibu ukurasa mzima wa protini mnazochunguza huko maabarani, zinazogeuka zikipigwa na mwanga. Nimemsomea yote mbele ya majirani, kama anavyotaka siku zote. Ati zikiwa majini zinageuka haraka, zikibanwa ndani ya fuwele, ngumu kama punje ya chumvi, zinachelewa. Akauliza, "Na tarehe?" Nikasema apana, hakuandika.

Hilo la kubanwa mi sikuhitaji kufundishwa. Zamani simu ikiwaka, Mama aliirukia akidhani ni wewe. Siku hizi bado anageuka, lakini anachelewa.

Dada yako,
Saliha